Nyumba Moja, LUKU Moja: Jinsi ya Kupunguza Umeme na Wapangaji Wenzako Bila Kununiana

Ukipanga chumba Dar es Salaam, iwe Tandika, Manzese au Mbagala, swali hili litakufikia kabla hujamaliza mwezi: "Hizi uniti zimekwenda wapi?" Juzi mmechanga mkanunua za elfu tano, leo asubuhi mita inalia. Wote wanamtazama mwenye friji. Mwenye friji naye anautazama mlango wa kijana anayepiga pasi kila alfajiri, na kijana anasema tatizo ni mama wa chumba cha nyuma anayechemsha maji ya kuogea. Jioni hakuna anayemsalimia mwenzake vizuri.

Mimi ni mtunza daftari la umeme katika nyumba ya vyumba sita. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ndiye niliyelalamika sana. Tangu hapo watu wa nyumba za jirani huja na maswali yaleyale: mwenye friji alipe ngapi, aliyesafiri achangie au asichangie, submita (mita ndogo ya kila chumba) inasaidia kweli? Nimechoka kurudia, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Kama mnatumia LUKU moja (mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) wapangaji wawili au kumi, fuateni hatua hizi kwa mpangilio. Msiruke za mwanzo mkakimbilia kugawana hela. Nyumba nyingi hugombana kwa sababu zinagawana kitu ambacho hazijakipima.

Kabla hujaanza, andaa

- Daftari moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kalamu isiyofungwa haikai siku mbili.
- Ujumbe wa manunuzi ya LUKU ya karibuni, wenye uniti, kiasi kilicholipwa na makato. Risiti ya karatasi inafaa pia.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kikokotoo.
- Uwezo wa kuiona mita, au kile kidude cha kuingizia tokeni kama mita yenyewe iko juu ya nguzo.
- Mtu mmoja wa kuandika. Asiwe mwenye friji, na asiwe anayemdai mwenzake hela.
- Ikiwezekana, kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha wati. Maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo wanavyo. Mkichanga nyumba nzima hakiumizi, ila hata bila hicho kazi inafanyika.

Nadharia mnayohitaji ni hii tu: uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kilichowaka saa 1. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa kinazowaka, gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti.

Hatua ya 1: Kaeni kikao kifupi, msimtaje mtu

Chagueni jioni watu wakishakula. Mwenye njaa hasikilizi habari za uniti. Kubalianeni jambo moja tu: kwa siku saba mtaandika namba bila kubadilisha chochote. Mwenye pasi apige pasi yake, mwenye hita achemshe maji yake. Mkianza kujibana siku ya kwanza, mtapima nyumba isiyokuwepo.

Mkubwa wa nyumba afungue kikao, hata kama aliyeleta wazo ni wewe. Kwetu aliyefungua ni bibi wa chumba cha mbele, na aliposema "wanangu, tuandike kwanza," hakuna aliyebisha. Ningesema mimi, wangeuliza natumwa na nani.

*Kosa la kawaida:* kuanza kikao kwa kusoma orodha ya vifaa vya fulani. Hapo kikao kimekwisha.

Hatua ya 2: Jueni uniti moja mnainunua shilingi ngapi

Bei ninayotumia kwenye hesabu za hapa ni ya daraja (kundi la bei) la kawaida la majumbani: shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (tozo ya mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika kama 356. Hakikisheni kwa ujumbe wenu wenyewe, maana bei na makato hubadilika: chukueni hela mliyolipa, toeni makato ya kodi ya majengo, gawanyeni kwa uniti mlizopata.

Hayo makato ya kodi ya majengo yameleta ugomvi mwingi kuliko friji. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo anayenunua tarehe mosi anaona uniti pungufu, na wenzake wanadhani ameitia hela mfukoni. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Muonesheni ujumbe wa makato, mpatane aipunguze kwenye pango. Mwenye nyumba mwelewa hukubali. Asipokubali, angalau igawanyeni sawa kwa vyumba na muiandike daftarini, isimwangukie mtu mmoja.

Hatua ya 3: Someni mita siku saba, saa ileile

Chagueni saa, tuseme saa moja jioni. Kila siku mwandishi aandike uniti zilizobaki, pamoja na tarakimu za baada ya nukta. Siku mliyonunua umeme, aandike pia uniti zilizoingia.

Matumizi ya siku ni salio la jana, jumlisha zilizoingia, toa salio la leo. Jana zilibaki 9.4, mkaongeza 14, leo zimebaki 16.9. Mmetumia 6.5. Hakuna hesabu ngumu kuliko hiyo.

Pembeni ya kila siku andikeni kilichokuwa tofauti: wageni, umeme kukatika, mpira kwenye TV, nguo za sikukuu zilizopigwa pasi. Baada ya siku saba maelezo hayo ya pembeni hufundisha kuliko namba zenyewe.

Hatua ya 4: Jaribio la kuzima kila kitu

Hili msiliache, hata kama mnaona halina maana. Chagueni saa ambayo wote wapo. Kila mmoja azime na kuchomoa vifaa vyake vyote, friji pamoja. Taa za uani na za chooni zizimwe. Kisha tazameni kitaa kidogo chekundu kwenye mita, kile kinachopepesa.

Kikitulia kabisa dakika tano, nyumba iko salama. Kikiendelea kupepesa, kuna umeme unakwenda mahali: waya umechubuka na unavuja, au kuna mtu amejiunga nje ya macho yenu. Zimeni swichi za vyumba kimoja baada ya kingine kwenye meni swichi mpaka kitulie. Chumba kilichokituliza ndicho chenye tatizo.

Nyumba moja ya jirani waligundua kwa njia hii kwamba kibanda cha fremu ya mbele, ambacho wote walidhani kina mita yake, kilikuwa kinakula kwao tangu fundi alipotengeneza paa. Mwenye kibanda naye alikuwa hajui. Alikuwa akimlipa mwenye nyumba.

Mita zenu zikiwa juu ya nguzo na hamuoni kitaa, andikeni salio, zimeni kila kitu kwa saa moja, someni tena. Salio halitakiwi kusogea.

ONYO: Mkigundua uvujaji, msifungue mita na msikate lakiri. Mita ni ya TANESCO (shirika la umeme), na kuichezea ni kosa la jinai. Nyaya za ndani ni za fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Na kama bomba la maji au ukuta wa bafuni unakupiga shoti hata kidogo, huo ni uvujaji unaoua. Zimeni meni swichi, mumwite fundi siku hiyohiyo aangalie na waya wa athi.

Hatua ya 5: Orodhesheni vifaa, kila mtu ajaze mwenyewe

Pitisheni daftari mlango kwa mlango. Kila mpangaji aandike kifaa, wati zake na saa kinazowaka kwa siku. Wati zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa. Hii ndiyo hesabu ya vile vinavyoonekana karibu kila nyumba, kwa mwezi wa siku 30:

- Taa ya LED wati 7, saa 5: uniti 1, kama shilingi 370.
- Balbu ya zamani ya wati 60, saa 5: uniti 9, shilingi 3,200.
- TV ya wati 50, saa 6: uniti 9, shilingi 3,200.
- Feni ya wati 60, saa 9: uniti 16, shilingi 5,770.
- Chaja ya simu: hata ikifanya kazi kila siku ni kama uniti 1 kwa mwezi.

Someni huo mstari wa mwisho mara mbili. Nimeshuhudia watu wazima wakigombana kwa sababu mmoja ana simu tatu. Simu tatu kwa mwezi mzima hazifikii feni moja kwa wiki. Liacheni hilo.

Pasi hudanganya hesabu, kwa sababu hujizima na kuwaka kadiri inavyopoa. Pasi ya wati 1,000 ikitumika dakika 20 kila siku, kadirieni uniti 5 kwa mwezi.

Hatua ya 6: Friji ipimwe peke yake

Friji nayo huwaka na kupumzika, kwa hiyo wati za nyuma yake hazitoshi. Kama mna kipimo cha soketi, kiacheni siku mbili. Kama hamna, tumieni usiku: saa nne zimeni kila kitu isipokuwa friji, andikeni salio, msome tena saa kumi alfajiri. Mkikuta imekula uniti 0.3 kwa saa sita, ni 1.2 kwa siku, yaani kama 36 kwa mwezi, shilingi 12,800. Mchana inafunguliwa zaidi na hewa ni ya joto, kwa hiyo ongezeni kidogo. Najua kulala bila feni Dar ni adhabu. Ni usiku mmoja tu.

Mkiwa hapo, kagueni na hali yake. Weka noti kwenye mlango, funga, uivute. Ikitoka kama imewekwa juu ya meza, mpira wa mlango umechoka na baridi inatoka usiku kucha. Nyuma ya friji pawe na nafasi ya kupitisha ngumi, isigusane na ukuta wala isifunikwe kitambaa cha mapambo. Barafu ikishafikia unene wa kidole, iyeyusheni. Msiibandue kwa kisu: mkitoboa bomba la gesi, friji ndiyo imekwenda.

Hatua ya 7: Gawaneni kwa namba

Sasa ndiyo hela. Chukueni mfano wa vyumba vitatu:

Chumba A kina taa, TV, feni na friji: uniti 62.
Chumba B kina taa, feni na simu: uniti 18.
Chumba C kina taa, TV, feni na pasi: uniti 31.

Jumla ni 111. Mkigawana sawa, kila chumba kinalipa shilingi 13,172. Mkigawana kwa matumizi, A analipa 22,072, B analipa 6,408 na C analipa 11,036. Yaani B alikuwa akilipa zaidi ya mara mbili ya haki yake, na C naye alikuwa akimchangia A barafu.

Mita yenyewe haitakubaliana na makadirio yenu. Tuseme imesema 120. Hizo 9 zilizozidi ni taa za uani, za chooni na makosa ya kukadiria. Zigawanyeni sawa, tatu tatu, msizichimbue zaidi. Tofauti ikizidi robo ya jumla, kuna kifaa hakikuandikwa. Kwa kawaida ni hita ya maji iliyofichwa chini ya kitanda.

*Kosa la kawaida:* kutoza kwa idadi ya watu. Mama mwenye watoto wanne na taa moja hatumii umeme kuliko bachela mwenye redio kubwa na friji. Idadi ya watu ni hesabu ya maji, si ya umeme.

Hatua ya 8: Punguzeni kwa pamoja, mkianza na vikubwa

Hapa ndipo ujirani unapolipa, kwa sababu kuna vitu mtu peke yake hawezi kuvipunguza.

*Taa ya uani.* Haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeijali. Balbu ya zamani ya wati 100 inayowaka saa 12 kila usiku hula uniti 36 kwa mwezi, sawa na ile friji mliyokuwa mnaigombania. Weka LED ya wati 9, inashuka hadi uniti 3 na kidogo. Changeni leo, msisubiri mwenye nyumba.

*Maji ya kuoga.* Kuchemsha ndoo ya lita 20 mpaka itokote huchukua kama uniti 1.7. Kuipasha tu iwe vuguvugu ni kama uniti 0.4. Watu wengi huchemsha ndoo nzima, kisha wanaongeza maji baridi. Pasheni kiasi. Jambo jingine: madumu meusi yakijazwa maji asubuhi na kuanikwa juani, jioni maji yana joto la kutosha kumwogesha mtoto. Uani kuna jua la bure. Kubalianeni tu sehemu ya madumu, na kila mmoja aandike jina lake.

ONYO: Hita ya kuzamisha kwenye ndoo ichomolewe kabla mtu hajatia mkono majini. Usiipime kwa kidole ikiwa imewashwa. Ndoo isiwekwe njiani kwa watoto.

*Friji.* Kama nyumba ina friji nne zilizojaa nusu nusu, zimeni mbili. Kila inayozimwa ni kama 12,800 kwa mwezi. Friji moja ikihudumia vyumba vinne, kila kimoja kinachangia kama 3,200. Lakini semeni wazi mapema: rafu ya nani ni ipi, vyombo viwe na vifuniko na majina, mwenye friji asilipie mgao wa umeme wake kwa sababu anatoa kifaa (wenzake wanaugawana), na ikiharibika matengenezo yatachangwa vipi. Anayeuza barafu au juisi hayumo kwenye mpango huu. Hiyo ni biashara, alipe friji yake yote.

*Kupiga pasi pamoja.* Watu hulisifu sana hili. Mimi nasema linaokoa kidogo, kwa sababu mnachookoa ni ule moto wa kuanzia tu. Fanyeni kama mnapenda kuongea Jumapili jioni.

*Birika na pasi kwa wakati mmoja.* Hii ni habari ya usalama. Soketi ya kawaida hubeba ampea 13, ambazo kwa umeme wa volti 230 ni kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,200 kwenye ekstensheni moja zimeshapita. Ekstensheni ikipata joto ukiishika, chomoa.

Hatua ya 9: Jiko

Wengi wetu tunatumia mkaa au gesi, na nishati ni nishati hata kama haipiti kwenye LUKU.

Maharage ndiyo mahali pa kuanzia, kwa sababu yanakula moto saa mbili au tatu. Vyumba vitatu vikipika sufuria tatu, ni majiko matatu ya mkaa. Pikeni sufuria moja kubwa, mgawane yakishaiva kabla ya kuungwa, kila mtu akaunge kwake. Yalowekeni usiku. Zamu ya kupika izunguke, na mkaa atoe mwenye zamu.

Njia ya pili ni kapu la kuhifadhi joto: kapu kubwa la ukindu lililotandikwa blanketi kuukuu, na mto wa pamba wa kufunika juu. Yachemsheni maharage yaliyolowekwa, kisha sufuria ingie kapuni na mfuniko wake na ifunikwe vizuri saa kadhaa. Yataendelea kuiva kwa joto lake. Maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kuingia kapuni, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi. Yakitoka kapuni yarudisheni motoni yatokote tena. Wali huivia humo vizuri pia, mradi maji yamepungua kidogo kuliko kawaida.

Ya tatu ni jiko la presha la umeme. Najua mtaniambia umeme ni ghali. Sisi tulichanga tukanunua moja la nyumba nzima, tukalipima: nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa ilikula chini ya nusu uniti, yaani haifiki shilingi 180. Hesabuni makopo ya mkaa mnayotumia kwa maharage hayohayo. Tatizo lake ni foleni, kwa hiyo bandikeni ratiba ukutani.

ONYO: Jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya kuotea au kumalizia kupika mvua ikinyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kila mwaka inaua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 10: Submita, au LUKU ya kila mmoja

Baada ya miezi mitatu ya daftari mtakuwa mnajua kama mnahitaji mashine. Submita ni mita ndogo inayofungwa baada ya meni swichi, moja kwa kila chumba, na inasoma matumizi ya chumba hicho tu. Haiuzi umeme, inahesabu. Mnaendelea kununua LUKU kwa pamoja na kugawana kwa namba zilizosomwa kwenye submita. Jumla ya submita itakuwa chini kidogo ya LUKU kwa sababu ya taa za pamoja. Tofauti hiyo mnagawana sawa. Fundi afunge mkiwa mnaona, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi, hasa kuhusu mtu akihama submita inabaki ya nani.

Kujitenga kabisa, kila chumba na LUKU yake, ni maombi kwa TANESCO na yanahitaji mwenye nyumba. Ukubwa wa faida uko kwenye daraja. Mteja mdogo wa majumbani asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi akipangwa kwenye daraja la chini, hulipa shilingi 100 kwa uniti, au 122 pamoja na makato. Vyumba vitano vya uniti 30 kila kimoja vikiungana ni 150, kwa hiyo vinanunua kwa 356. Kwa uniti 30, ni tofauti ya 3,660 na 10,680. Lakini daraja hilo halitoki kwa sababu umeomba. TANESCO ndio wanaopanga. Ulizeni kwenye ofisi yao ya wilaya kabla hamjachanga hela ya kuunganishiwa.

Mambo yakienda kombo

*Uniti zinaisha haraka kuliko daftari linavyosema.* Rudieni hatua ya 4. Jaribio likipita, hesabuni mipepeso ya kitaa wakati vifaa vya kawaida vinawaka. Kwenye mita kumeandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani mipepeso kwa uniti moja. Zidisha mipepeso ya dakika moja kwa 60,000, gawanya kwa namba hiyo, unapata wati. Mipepeso 10 kwa dakika kwenye mita ya 1000 ni wati 600. Kama mnajua taa na feni zilizowaka hazizidi 300, kuna kitu kimewashwa.

*Tokeni inakataa.* Hakikisheni tarakimu zote 20, na kwamba namba ya mita kwenye ujumbe ni yenu. Mara nyingi mtu amenunua kwa namba ya nyumba aliyohama.

*Breka inaanguka kila jioni.* Vifaa vikubwa vinawashwa pamoja. Pangeni saa: anayepiga pasi asubiri birika lizimwe. Msimruhusu fundi abadilishe breka kwa kubwa zaidi bila kuangalia unene wa waya. Waya mwembamba na breka kubwa ndiyo moto wa nyumba.

*Mmoja hataki kuchangia.* Msimkatie waya. Mwoneshe ukurasa wake kwenye daftari, mwombe arekebishe namba anayoona si sahihi. Wengi hukataa kwa sababu hawaamini hesabu, na wakishaandika wenyewe hulipa. Asiyelipa hata hapo, suala ni la mwenye nyumba, na likishindikana la mjumbe.

*Mtu amesafiri mwezi mzima.* Alipe mgao wa taa za pamoja tu, kama alichomoa vifaa. Aliyeacha friji ikiwaka analipia friji. Aage kwa mwandishi, iandikwe tarehe.

*Nyama inapotea kwenye friji ya pamoja.* Hili sina dawa yake. Sisi tulinunua vyombo vyenye kufuli ndogo, na bibi wa chumba cha mbele akahamisha kiti chake karibu na mlango wa jikoni.